Tembo wa Tabora Kwenye Kioo cha Simu

Mhadhara uliotolewa mjini Tabora. Umechapwa karibu kama ulivyosemwa, pungufu ya vicheko.



Mtu wa Tabora hauziwi asali kirahisi. Ukimpa chupa ataigeuza kwanza juu chini aone povu linavyopanda. Atachovya kidole, ataonja, atanyamaza kidogo, halafu atakutazama wewe usoni badala ya kuitazama asali. Akishuku kuna sukari ndani atakurudishia chupa yako, wala hatakueleza kwa nini. Ujuzi huo haumo kitabuni. Umo kidoleni na ulimini.

Sasa mtu huyo huyo mwonyeshe picha ya chupa ya asali kwenye simu. Mwambie watu saba wanaiwania na zimebaki dakika nne mnada ufungwe. Atanunua maji ya sukari guru kwa bei ya asali ya miombo, na atapiga kelele nyumbani kwamba ameshinda.

Mimi yalinikuta, ila kwangu ilikuwa sarafu. Nimefanya kazi ya ukeshia benki miaka ishirini na sita, na kazi ya keshia ni vidole. Noti bandia niliikamata kabla macho hayajaifikia, kwa sababu karatasi yake iliteleza kinyume na nilivyozoea. Nilipostaafu nikaanza kukusanya sarafu za kale, na mwanangu akanionyesha minada ya mtandaoni. Nikaingia na kiburi chote cha vidole vyangu, nikasahau kwamba vidole nimeviacha nje.

Niliyoiona ilikuwa sarafu ya rupia mbili ya Kampuni ya Kijerumani ya Afrika Mashariki, ya mwaka 1893. Upande mmoja Kaiser Wilhelm II na kofia yake ya chuma yenye tai juu, upande wa pili simba chini ya mtende. Maelezo ya muuzaji yalikuwa mafupi: imekutwa kwenye sanduku la marehemu babu, yeye mwenyewe hajui lolote kuhusu sarafu. Niliweka dau. Mtu akapandisha. Nikapandisha. Saa tatu na nusu usiku nikawa mshindi, nimelipa pensheni ya miezi miwili.

Ilipofika, kiganja kilijua kabla ya bahasha kuchanika vizuri. Rupia mbili halali ina uzito wa gramu 23.3 na kipenyo cha milimita 35. Yangu ilikuwa na kipenyo kizuri kabisa, lakini kwenye mizani ya sonara jirani yetu ilisoma gramu 18 na kitu. Mke wangu, ambaye Kaiser hamjui wala hana shida naye, aliichukua akaisogeza kwenye ile sumaku ya maua iliyo mlangoni pa friji. Ikanata. Fedha hainati kwenye sumaku, mabibi na mabwana, na shaba hainati. Kinachonata ni chuma.

Nikiwa nimekwishalia, nikafungua tena ukurasa wa muuzaji. Marehemu babu yule kumbe aliacha masanduku mengi: wiki ile ile muuzaji alikuwa akinadi sarafu nyingine nne za rupia mbili, zote za 1893, zote zina mkwaruzo mmoja, mahali pamoja, chini ya kidevu cha Kaiser. Huo mkwaruzo nitaurudia, maana umenifundisha kuliko vitabu.

Lakini kwanza niseme kwa nini mkono una akili kuliko jicho katika jambo hili.

Wazee wetu wa pwani na wa njia za misafara walifanya biashara ya pembe kwa reale ya Maria Theresia, sarafu kubwa ya fedha ya Austria yenye sura ya malkia huyo. Uzito wake ni gramu 28.07, na katika kila sehemu elfu za madini yake, sehemu 833 ni fedha tupu. Mfanyabiashara wa zamani aliipima, akaigonga juu ya jiwe asikilize mlio, kisha akageuza ukingo. Ukingoni kuna herufi za Kilatini zilizoinuka, zinazosema haki na huruma, zikitenganishwa na mapambo madogo. Huko Uhabeshi na Arabuni watu walihesabu hata lulu zilizo kwenye bizimu ya begani mwa malkia, na iliyosuguliwa lulu zikapotea waliikataa. Hawakusoma Kilatini, lakini walijua herufi zile zinavyokwaruza dole gumba.

Sarafu hiyo ina kituko chake, na nawaomba mkishike. Malkia alifariki Novemba 1780. Tangu hapo, kwa kuwa watu wa Mashariki walikataa sarafu yenye sura nyingine, iliendelea kupigwa chapa kwa tarehe ile ile ya 1780. Imepigwa Vienna, ikapigwa Milan na Venice. Mwaka 1935, Mussolini akijiandaa kuivamia Uhabeshi, alijipatia haki ya kuipiga Roma. Waingereza wakaanza kuipiga London mwaka uliofuata, na wakati wa Vita Kuu ya Pili wakaipiga Bombay. Vienna wanaipiga hata sasa. Kwa hiyo kijana huyu aliyekaa mbele anaweza kuwa mkubwa kuliko reale ya 1780 aliyoinunua, na reale hiyo ikawa halali, fedha safi, haina kosa.

Hapo ndipo wengi wanapopigwa changa la macho. Katika mnada wa mtandaoni kuna uongo wa aina mbili. Kuna uongo wa madini: chuma au risasi iliyovishwa fedha. Na kuna uongo wa hadithi: sarafu ni ya kweli, lakini muuzaji anasema ilisafiri na misafara ya Tippu Tip wakati ilitoka kiwandani juzi. Uongo wa kwanza unakamatwa na mizani. Wa pili hauna mizani. Reale mpya thamani yake haizidi sana thamani ya fedha iliyomo, na anayelipia hadithi analipia maneno. Mimi hadithi huwa nazikatia bei nzima: muuzaji akinisimulia, namshukuru, kisha nanunua madini tu.

Sasa turudi nyumbani.

Wengi wenu mmekulia karibu na reli hii ya hapa Tabora bila kuambiwa kwamba katika karakana yake, mwaka 1916, zilipigwa sarafu za dhahabu. Vita Kuu ya Kwanza ilikuwa imewazingira Wajerumani. Manowari za Uingereza zilifunga bahari, sarafu kutoka Ulaya haziingii, na noti zilizochapwa haraka haraka Dar es Salaam wananchi walizitazama kama sisi tunavyoitazama ahadi ya mgombea. Ikabidi sarafu zitengenezwe hapa hapa. Dhahabu ilitoka Sekenke, huko Iramba. Inasimuliwa kwamba chapa zilichongwa na fundi sonara Msinhala kutoka Ceylon. Sarafu yenyewe ni rupia 15: upande mmoja tai wa dola ya Kijerumani, upande wa pili tembo aliyeinua mkonga, milima nyuma yake, mwaka 1916, na herufi T. Hiyo T ni Tabora. Zilipigwa zaidi kidogo ya 16,000, kisha tarehe 19 Septemba mwaka huo huo Wabelgiji wakaingia mjini na kazi ikawa imekwisha.

Leo tembo huyo akinadiwa kihalali anauzwa maelfu ya dola za Kimarekani. Ndiyo maana ana ndugu wengi wasio wa tumbo moja.

Nimewahi kuwatazama tembo bandia jioni nzima kwenye simu, mmoja baada ya mwingine, na kitu kilichonishangaza ni uzuri wao. Ngozi laini, mduara umekamilika kama sahani ya kiwandani, maandishi yamenyooka, na yote yanang'aa sawasawa. Jamani, sarafu ile ilipigwa vitani, katika karakana ya kutengenezea mabehewa, na watu ambao hawakuwa mafundi wa sarafu. Tembo wa kweli ana mapungufu yake: pengine chapa haikukandamiza vizuri upande mmoja, pengine ukingo hauko sawa. Hata mapambo yaliyo pembeni ya maandishi yana matoleo mawili: katika baadhi ncha ya pambo la kulia inaishia chini ya T ya neno OSTAFRIKA, katika nyingine chini ya A inayofuata. Wakusanyaji wanazitofautisha na kuzipa bei tofauti. Mghushi wa kiwandani anatengeneza moja iliyonyooka, anaitoa mara elfu.

Basi kanuni ya kwanza kwa tembo wetu ni kinyume cha mazoea: akiwa mzuri mno, mwogope.

Kanuni ya pili ni hesabu, na hesabu hii mama ntilie anaifanya kila siku bila kalamu. Sarafu ya Tabora ina uzito wa gramu 7.17 hivi, na robo tatu ya uzito huo ni dhahabu. Robo tatu ya 7.17 ni kama gramu 5.4 za dhahabu tupu. Fungua simu, angalia gramu moja ya dhahabu inauzwaje leo, zidisha. Hiyo ndiyo bei ambayo sonara yeyote angeitoa ili aiyeyushe tu, bila kujali tembo wala Tabora. Mtu anayekuuzia chini ya hapo, kwa nini hakwenda kwa sonara? Ama kaiba, ama anachouza si dhahabu. Sijapata jibu la tatu.

Tena kuna jambo ambalo mghushi hawezi kulikimbia. Kila madini yana uzito wake kwa ujazo. Sentimita moja ya ujazo ya dhahabu tupu ina gramu 19.3. Fedha ni 10.5. Shaba nyekundu karibu 9, shaba njano karibu 8.5. Dhahabu ya robo tatu iliyochanganywa inakaa karibu na 15. Sasa mghushi anayetumia shaba njano iliyochovywa dhahabu yuko njia panda. Akiipa sarafu yake kipenyo na unene sahihi, itakuwa na gramu nne hivi badala ya saba. Akiipa uzito sahihi, itabidi iwe nene karibu mara mbili. Vitatu kwa pamoja, yaani kipenyo, unene na uzito, shaba haiwezi. Ndiyo maana tangazo la mnada likitaja kipenyo pekee na kunyamaza juu ya uzito, ukimya huo ni maelezo tosha.

Iliyokwishafika mkononi inapimwa nyumbani. Weka kikombe cha maji juu ya mizani ndogo ya sonara, irudishe mizani kwenye sifuri. Funga sarafu kwa uzi mwembamba, izamishe yote bila kugusa kitako cha kikombe, kisha soma. Reale ya Maria Theresia halali, yenye gramu 28.07, itasoma kama gramu 2.75, kwa sababu huo ndio uzito wa maji iliyoyasukuma. Gawa namba ya kwanza kwa ya pili upate 10.2. Ukipata 8 au 7, una risiti ya hasara. Fanya hivyo siku ile ile mzigo unapofika, maana siku za kurudisha huwa zinahesabika, na muuzaji mwongo ana ustadi wa kukuzungusha mpaka ziishe.

Lakini mtaniuliza: mzee, hayo ya mizani na kikombe ni baada ya kulipa, kabla ya kulipa tunafanyaje na picha tu?

Jibu langu ni kwamba msikubali picha tu. Azimeni mkono wa muuzaji. Mwandikie, kwa adabu, umwombe video fupi: aiweke sarafu juu ya mizani, namba ionekane, kisha aigeuze polepole mbele ya dirisha ili mwanga upite juu yake, halafu aisimamishe tuone ukingo mzima. Dakika moja tu. Mwenye mali halali huifanya kwa furaha, maana kizuri chajiuza. Yule mwingine atakwambia mizani imeharibika, simu imeingia maji, au kuna mteja mwingine anasubiri. Mimi nimewahi kuambiwa na mtu mmoja kwamba kumwomba uzito ni kumvunjia heshima. Nikamwacha na heshima yake.

Ukingo nausisitiza. Wapigaji picha wa mnada hupenda uso na mgongo, na mghushi anapenda zaidi. Sarafu bandia ya kusubu hutoka katika kalibu yenye vipande viwili, na vipande vinakutana ukingoni. Pale hubaki mstari mwembamba kama mshono wa suruali. Mjanja huusugua kwa tupa, na tupa nayo huacha alama zake. Sarafu ya kweli ilipigwa kwa nguvu nyingi mara moja, madini yakatiririka kutoka katikati kwenda nje, ndiyo maana uwanja wake una mng'ao unaozunguka ukiigeuza. Ya kusubu haina mtiririko huo. Ina vijitundu vidogo kama ngozi ya chungwa, na herufi zake zimevimba kama sabuni iliyolala kwenye maji.

Nakala bora zaidi hazisubiwi, zinapigwa. Mghushi hupata sarafu moja ya kweli, huitumia kutengenezea chapa, kisha hupiga mamia. Hapo picha ya mtiririko haitakusaidia sana. Ila sarafu ya kweli aliyoanza nayo ilikuwa imeishi maisha yake: iliwahi kuanguka, iliwahi kukwaruzwa na kisu, iliwahi kulala kwenye kibubu na nyingine. Makovu yake yote yamehamia kwenye chapa, na kutoka kwenye chapa yamehamia kwa watoto wote. Sarafu mbili za kweli haziwezi kuwa na kovu moja, kama watu wawili wasivyoweza kuwa na alama moja ya kuungua uji utotoni. Ule mkwaruzo wa kidevuni mwa Kaiser, kwenye sarafu tano, ulikuwa ni ungamo. Kwa hiyo kabla ya kuweka dau, tafuta picha za sarafu za aina hiyo zilizonadiwa kwingine, uziweke pamoja, utafute makovu pacha. Kazi hiyo inachosha. Nimeifanya mpaka nikaota nyuso za Kaiser.

Wengine huiba picha. Wanachukua picha ya sarafu halali iliyonadiwa na nyumba kubwa ya mnada Ulaya, wanaibandika kwenye tangazo lao, kisha wanakutumia kitu kingine. Simu zenu zinaweza kutafuta picha kwa picha. Ukikuta tembo yule yule, mwenye doa lile lile, ameuzwa miaka mitatu iliyopita katika mji mwingine, usimtumie muuzaji salamu, ondoka. Na tangazo likisema utakayopokea ni inayofanana na ya pichani, basi unauziwa mbuzi kwenye gunia na muuzaji amekwambia mwenyewe.

Nizungumzie kidogo visanduku vya plastiki. Kuna kampuni za Marekani, mashuhuri zikiwa PCGS tangu 1986 na NGC tangu 1987, zinazokagua sarafu, kuipa alama kati ya 1 na 70, na kuifungia katika kisanduku chenye namba. Ni huduma nzuri. Lakini waghushi sasa wanaghushi kisanduku pamoja na sarafu, na wanaandika namba ya kweli waliyoiona kwenye sarafu ya mtu mwingine. Kuisaka namba kwenye daftari la kampuni hakutoshi basi. Kama kampuni ina picha ya sarafu yenye namba hiyo, linganisha makovu, tumekwishajifunza makovu. Marekani kuna sheria ya mwaka 1973 inayotaka nakala za sarafu za ukusanyaji zipigwe neno COPY; nakala nyingi kutoka viwanda vya China hazina neno hilo, na kwenye zilizo nalo hufutwa. Ukiona mahali fulani pamesawazishwa kuliko pengine, jiulize pamefutwa nini.

Juu ya minada yenyewe sitasema mengi, maana aliyewahi kwenda mnadani kununua ng'ombe anaijua. Wapo wapambe wa muuzaji wanaopandisha dau ili mgeni apande nao. Mtandaoni mpambe ni akaunti tu, pengine ya muuzaji mwenyewe. Dawa yake ni kuandika bei yako ya mwisho kwenye karatasi mchana, ukiwa umeshiba, na usiku usiiguse. Na yule atakayekwambia mmalizane pembeni, umtumie pesa kwa simu ili mkwepe makato ya mnada, anataka ukwepe kitu kimoja tu: ulinzi wako.

Kuna jambo tunalowazidi waghushi kwa asili yetu, na sioni watu wakilitumia. Sarafu za ukanda huu nyingi zimeandikwa kwa Kiarabu. Pesa za shaba za kampuni ya Kijerumani, zilizopigwa kati ya 1890 na 1892, zina tai upande mmoja na Kiarabu upande wa pili, pamoja na mwaka wa Hijria: 1307, 1308, 1309. Pesa 64 zilikuwa rupia moja. Mwaka 1904 mgawanyo ukabadilika, rupia ikawa heller 100, na wananchi wakaiita hela. Ndiyo hela hii tunayoitafuta asubuhi mpaka jioni. Kabla ya hapo, Sayyid Barghash wa Zanzibar aliagiza sarafu zake Ubelgiji, zenye mwaka 1299, jina lake, na dua ya kumwombea hifadhi ya Mungu. Mghushi asiyesoma Kiarabu huziona herufi kama mapambo. Anaunganisha zisizoungana, anaangusha nukta, tarakimu inageuka nyingine. Mnunuzi wa Ulaya haoni. Mtoto aliyemaliza juzuu ya Amma anaona mara moja. Basi kama wewe hukwenda chuoni, mwite aliyekwenda, mnunulie chai, mwonyeshe picha.

Wapo watakaoniuliza juu ya sarafu za Kilwa, zile ndogo za shaba za masultani, zenye jina la mtawala upande mmoja na upande wa pili maneno ya kumtegemea Mungu yanayofanya vina na jina lile. Ni nzuri, na zinaonekana mtandaoni, za kweli na za uongo. Sitawafundisha kuzitambua kwa ajili ya kununua. Ya uongo itakutia hasara. Ya kweli, kama imechimbwa kwenye magofu na kutoroshwa, itakutia hatiani. Sheria ya Mambo ya Kale tunayo tangu 1964. Sarafu ile ikitoka ardhini bila wataalamu kuandika imelala wapi na pamoja na nini, imekwisha kufa hata kama inang'aa.

Sasa anayetaka kuanza aanzie wapi? Asianzie kwa tembo. Karakana ile ile ya reli, mwaka ule ule 1916, ilipiga pia heller 20 na heller 5 za shaba njano, nazo zina T. Hazikuwa za matajiri, zilizunguka sokoni, na za heller 20 zilipigwa nyingi. Bei yake mtu wa mshahara anaiweza. Nunua moja, kwa mtu unayeweza kumkabili uso kwa uso. Kaa nayo mwaka mzima. Iweke mfukoni, ipime, itazame kwenye jua la saa mbili asubuhi na kwenye taa, pitisha kucha ukingoni. Ukishaijua namna unavyojua funguo za nyumba yako gizani, picha za mtandaoni zitaanza kukwambia mambo ambayo leo hazikwambii.

Na wengine hamhitaji kununua. Najua kuna nyumba hapa Tabora zenye kikopo chini ya kitanda cha bibi, au kitambaa kilichofungwa fundo. Ninachowaomba ni kimoja. Msizisugue. Msitumie majivu, wala ndimu, wala dawa ya meno. Weusi ule wa miaka mia ndio unaoonyesha kwamba sarafu haikutoka kiwandani mwezi jana, na mnunuzi anayejua huulipia. Ndimu inauondoa kwa dakika mbili, na hakuna fundi wa kuurudisha.

Mizani yangu iko pale mezani, karibu na mlango, pamoja na kalipa, sumaku na kikombe cha maji. Rupia yangu ya Kaiser nayo ipo, imenata kwenye sumaku, mnaweza kuishika mjue uongo una uzito gani. Mwenye kitu nyumbani akilete kesho kuanzia saa nne, nitakuwapo mpaka adhuhuri. Sitozi kitu.